Kwa Nini Vita vya Mbali Hupandisha Bei ya Maji ya Shamba?

Wakulima wengi wa kandokando ya mto Tana, hapa Garissa, huuliza: "Vita vya Urusi na Ukraine vyatuhusu nini sisi wenye vitunguu na matikiti?" Swali hili ni la haki.

Mbolea nyingi ya chumvichumvi hutengenezwa kwa gesi itokayo ardhini, na Urusi ni mwuzaji mkubwa wa vyote viwili. Vita vilipoanza Februari 2022, bei zilipanda kote. Hapa Kenya gunia la kilo 50 lilipita Sh. 6,000/-, mpaka Serikali ilipolipia sehemu yake, likauzwa Sh. 3,500/-, na mwaka 2023 Sh. 2,500/-.

Lakini kwenye vibanda vya chai linalozungumzwa zaidi ni dizeli, maana huku mvua ni chache na bila mashine maji hayatoki mtoni. Septemba 2023 lita moja ilifika Sh. 200.99 huko Nairobi. Wengine huwalaumu wenye vituo vya mafuta. Huenda wapo walafi, lakini mafuta hununuliwa nje kwa dola, na dola iliyokuwa kama Sh. 123 Januari 2023 ilifika kama Sh. 160 mwaka mmoja baadaye. Basi mwenye ekari mbili alikaa akafikiri kama apande moja tu. Na mnunuzi wa matikiti naye, akija na lori, alitaka apunguziwe bei kwa sababu ya dizeli hiyohiyo.