Pwani Desemba Hii: Watazameni Pomboo Baharini, Si Bwawani

Desemba ikikaribia, wakazi wengi wa Dagoretti Corner huanza kupiga hesabu ya nauli ya Pwani. Tangu treni ya Madaraka Express ianze safari mwaka wa 2017, familia inaweza kuondoka Syokimau asubuhi na kufika Mombasa alasiri. Anayetaka kuona pomboo huvuka feri ya Likoni, kisha hupanda matatu hadi Shimoni, Kaunti ya Kwale. Boti za kwenda Hifadhi ya Bahari ya Kisite-Mpunguti hung'oa nanga hapo.

Pomboo wa Kisite hawajafungiwa wala hawalishwi. Huja wapendapo. Siku nyingine hawaonekani kabisa, na nahodha mwaminifu atasema hivyo kabla ya kupokea pesa.

Lakini hata mtazamaji anaweza kuwadhuru. Kizimkazi, kusini mwa Unguja, wavuvi waliwahi kuwaua pomboo ili nyama yao iwe chambo cha papa. Katika miaka ya 1990 watalii walianza kulipa kuwaona, na pomboo aliye hai akawa na faida kuliko chambo. Uwindaji ukaisha, tatizo jingine likaanza: boti zikawa nyingi, na watalii wakawa wanarukia majini juu ya kundi. Watafiti wamebaini kuwa boti zikiwapo, pomboo hao hupumzika muda mfupi zaidi. Mzigo huwa mkubwa kwa jike mwenye mtoto, kwani ndama wa pomboo hunyonya kwa zaidi ya mwaka mmoja.

Kwa hivyo abiria ana haki ya kumwambia nahodha apunguze mwendo, aende sambamba na kundi, asilikate mbele wala kuligawanya. Pomboo wakigeuka kuondoka, waachwe waende. Chakula kisitupwe majini.

Kenya haina bwawa la maonyesho ya pomboo. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, kumkamata au kumfuga mnyamapori bila kibali ni kosa. Hata hivyo, Wakenya wanaosafiri ng'ambo, Dubai ikiwemo, hukutana na maonyesho ya pomboo wanaorusha mpira. Baharini mnyama huyu huweza kuogelea makumi ya kilomita kwa siku, akitafuta samaki kwa mwangwi wa sauti yake. Bwawani mwangwi huo hurudi kutoka ukutani. Baadhi ya pomboo wa maonyesho duniani walikamatwa wakiwa huru, wakiwemo wanaoswagwa kwa boti hadi ghuba ya Taiji, Japani, na kuuzwa wakiwa hai. India ilikataa mabwawa hayo mwaka wa 2013. Canada ikapiga marufuku mwaka wa 2019.

Ada ya kuingia Kisite hulipwa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) kupitia eCitizen, na ni bora kulipa kabla ya kufika Shimoni. Atakayeona pomboo amenaswa wavuni au amekwama ufuoni asimsukume wala kumburuta mkia. Awaite maafisa wa KWS walio karibu. Walio Nairobi wanaweza kuuliza zaidi katika makao makuu ya shirika hilo, Barabara ya Lang'ata.