Kazi ya Mwethya Yaweza Kumsaidia Kijana Kufika Chuoni

Wazazi wengi wa Machakos hudhani kwamba misaada ya fedha za chuo hutolewa kwa alama za mtihani peke yake. Kwa misaada mingi ndivyo ilivyo. Lakini iko mingine ambayo watoaji wake huuliza swali la pili: kijana huyu amewafanyia jirani zake kazi gani? Asiyeweza kulijibu huenda akaachwa, hata akiwa na alama nzuri.

Tutazame mifano miwili. Shirika la Mastercard Foundation lilianza mpango wake wa kusomesha vijana mwaka 2012, na Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, ni miongoni mwa vyuo vilivyoshirikiana nalo. Mpango huo hutazama bidii ya masomo, uhaba wa fedha nyumbani, na nia ya kuwatumikia watu wa kwao. Mfano wa pili ni ufadhili wa Rhodes, wa kusoma Oxford, Uingereza, kwa waliokwisha kupata digrii ya kwanza. Ulitokana na wasia wa Cecil Rhodes, aliyefariki mwaka 1902, nao hutazama tabia ya mtu na jinsi anavyowajali wanyonge, pamoja na elimu yake.

Watu wa Machakos si wageni wa utumishi wa namna hii. Katika miaka ya 1950 vikundi vya mwethya, ambamo wanawake walikuwa wengi, vilichimba matuta milimani ili udongo usichukuliwe na mvua. Hata leo wako vijana wanaobeba mawe ya kujengea mabwawa ya mchanga mitoni, au kuwafundisha watoto kusoma wakati wa likizo. Shida ni kwamba kazi hizo haziandikwi. Kijana akipewa fomu huandika tu, "Napenda kusaidia watu." Maneno hayo kila mtu huyaandika.

Basi yafaa kijana aanze daftari angali shuleni. Aandike tarehe, saa, kazi na matokeo yake, kwa mfano: "Jumamosi nane, watoto 12 wa darasa la tatu, 9 sasa wanasoma hadithi fupi bila msaada." Kisha amwombe mtu mzima aliyeiona kazi hiyo, kama mwalimu, kiongozi wa dini au mwenyekiti wa kikundi, atie sahihi.

Iko pia Tuzo ya Rais, iliyoanzishwa nchini Kenya mwaka 1966, kwa vijana wa miaka 14 hadi 24. Ina daraja tatu, yaani shaba, fedha na dhahabu, na utumishi ni sehemu mojawapo katika kila daraja. Tuzo hiyo si karo ya chuo, bali ni ushahidi mzuri wa kazi iliyofanywa.

Kijana ajihadhari na mambo mawili. Kwanza, asiandike kazi asiyoifanya, maana mwenye kumhoji ataulizia kila jambo, na uongo utajulikana. Pili, mtu akitaka fedha ili ampatie nafasi, asimpe hata senti. Habari za kweli azitafute kwa chuo au shirika lenyewe.

Kazi ya miaka mitatu haiwezi kukumbukwa yote kwa usiku mmoja wa kujaza fomu. Mzazi mwenye mtoto wa sekondari na amnunulie daftari hilo sasa.