Maji ya kunywa si ya lenzi

Jumamosi ya harusi, saa nne asubuhi, ndani ya saluni moja jijini Dar es Salaam. Bibi harusi ameshachorwa hina na piko, wanja umekolea, na lenzi moja ya rangi ya asali imedondoka sakafuni wakati wa kuivaa. Chupa ya dawa ya lenzi imekauka. Mpambaji hakubabaika. Alivuta chupa ya maji ya dukani, akaisuuza lenzi.

"Haya masafi, mdogo wangu. Si tunakunywa?"

Shangazi mtu akaafiki. Mimi niliyekwenda kusindikiza tu nikaingilia, nikaonekana mkorofi.

Hoja ya mpambaji si ya kipuuzi. Sote tumelelewa tukiambiwa kilichochafuka kioshwe kwa maji. Lakini maji tunayoyanywa hupitia tumboni, kwenye asidi inayoua vijidudu vingi. Konea, yaani ngozi angavu iliyo mbele ya jicho, haina hata mshipa mmoja wa damu. Hewa yake huipata kupitia machozi. Ukiifunika kwa lenzi unaipunguzia hewa, na kijidudu chochote kilichoingia kinabaki kimebanwa papo hapo. Mchubuko mdogo tu unatosha kukifungulia mlango.

Maji ya bomba, ya kisima, ya simtanki, hata ya bwawa la kuogelea lenye klorini, yanaweza kuwa na amiba aitwaye Acanthamoeba. Ukimnywa, kwa kawaida hana neno. Akinaswa chini ya lenzi ni balaa, kwa kuwa akibanwa hujifungia ndani ya gamba gumu, na klorini ya bombani haimfikii. Tiba huchukua miezi, na wapo walioishia kupandikizwa konea ya marehemu. Miaka ya 1980 huko Marekani wavaaji wengi walinunua tembe za chumvi wakaziyeyusha nyumbani ili kupata maji ya lenzi kwa bei nafuu. Wengi wa waliougua ugonjwa huo walikutwa na mazoea hayo.

Labda tunaichukulia lenzi kinyumbani kwa sababu lenzi laini yenyewe ilizaliwa nyumbani. Krismasi ya 1961, mkemia Otto Wichterle aliketi kwake Prague akaunda mashine kwa vyuma vya mchezo wa watoto, akaizungusha kwa dainamo ya baiskeli, na lenzi laini za kwanza zikatoka. Siri yake ilikuwa plastiki inayonyonya maji, karibu asilimia 40 ya uzito wake. Kabla ya hapo watu walivaa plastiki ngumu, na mwishoni mwa karne ya 19, kioo hasa. Lakini kinachonyonya maji hunyonya na yaliyomo, na lenzi laini ikikutana na maji yasiyo na chumvi huvimba na kung'ang'ania jicho.

Lenzi za kutupa zilienea kuanzia miaka ya 1980, na za siku moja zikafuata katika miaka ya 1990. Ya siku moja ukiivua jioni, iende pipani. Nawaelewa wanaoiloweka ili waivae tena kesho, maana bei inauma, lakini haikutengenezwa ihimili kusuguliwa. Ya mwezi nayo huhesabiwa tangu ulipofungua kifuko chake, hata kama umeivaa mara 3 tu. Kwa hiyo anayevaa lenzi kwa harusi na sikukuu pekee, kwa maoni yangu, anunue za siku moja. Hatahitaji dawa wala kijaluba cha kuzihifadhia.

Mwenye za kurudia ana kazi kila usiku: kunawa mikono kwa sabuni na kuikausha kabisa, kuisugua lenzi kiganjani kwa dawa, kuisuuza kwa dawa, kisha kuiloweka katika dawa mpya. Mei 2007 dawa iitwayo Complete MoisturePlus iliondolewa sokoni baada ya wagonjwa wa amiba yuleyule kuongezeka Marekani. Wachunguzi walikuta pia kwamba kuongezea dawa mpya juu ya ile ya jana kulichangia. Kijaluba kisuuzwe kwa dawa, kifutwe, kiachwe wazi kimeinamishwa, na kisipitishe miezi 3. Kulala na lenzi huongeza hatari ya maambukizi mara 6 hadi 8. Anayetia udhu afumbe macho anaponawa uso. Anayekwenda kuogelea azivue kwanza.

Za urembo hazina msamaha. Marekani tangu 2005 kila lenzi, hata isiyosaidia kuona, ni kifaa cha tiba kinachotaka cheti cha mtaalamu. Huku kwetu utaikuta kando ya kope za bandia, na nimeona saluni ikiazimisha jozi moja kwa bibi harusi wa leo na wa wiki ijayo.

Jicho likiwa jekundu, likauma au likakataa mwanga, vua lenzi uende hospitali leo hii, na uibebe pamoja na kijaluba chake ili maabara ivipime. Usianze na matone uliyojinunulia dukani. Yakiwa na dawa za jamii ya steroidi, yatatuliza wekundu huku ugonjwa ukichimba.

Nanyi wapambaji, wekeni chupa ya dawa ya lenzi ambayo haijapitwa na muda. Ikiisha, bibi harusi aende ukumbini na macho aliyozaliwa nayo.