Muhogo Mchungu na Maana ya Chakula cha Asili

Mgonjwa wangu mmoja wa kisukari, mkazi wa Rahaleo, aliniuliza kama ni kweli kwamba wataalamu sasa wanatutaka turudie vyakula vya mababu. Alikuwa amesikia habari za utafiti wa Kilimanjaro. Habari hizo ni za kweli. Mwaka 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa huko kwa wanaume 77 wenye afya njema. Waliozoea vyakula vya asili walipolishwa vya kimagharibi kwa wiki mbili, damu yao ilionyesha dalili za mchochota, yaani mwili kujihami kana kwamba umeshambuliwa. Waliofanya kinyume chake walipata nafuu.

Wiki mbili ni muda mfupi, na wanawake hawakushirikishwa. Hata hivyo nayachukulia matokeo hayo kwa uzito. Shaka yangu ni juu ya neno “asili”. Kwetu Mtwara, asili hiyo kwa sehemu kubwa ni muhogo, na muhogo mchungu una linamarini, kemikali ambayo mzizi unapopondwa au kutafunwa huzalisha sayanidi. Wazee waliumenya, wakauloweka siku kadhaa hadi ulainike, kisha wakauanika. Hiyo kazi ndiyo iliyoufanya kuwa chakula. Kuuanika peke yake, bila kuuloweka, huacha sumu nyingi ndani ya makopa.

Njaa ndiyo huvunja utaratibu huo. Mwaka 1988, wilayani Masasi, watu walipatwa na sumu ya ghafla baada ya kula muhogo ambao haukuandaliwa vya kutosha. Ng’ambo ya Ruvuma, mkoani Nampula, mwaka 1981 ukame ulileta mlipuko wa konzo uliowapata watu zaidi ya 1,000, wengi wao wanawake na watoto. Mwili huiondoa sayanidi kwa kutumia salfa inayotokana na protini. Anayekula muhogo kila siku bila samaki, kunde wala karanga hana akiba hiyo.

Wahudumu wenzangu, sumu ya ghafla huanza saa chache baada ya mlo: kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu, mapigo ya moyo kwenda mbio. Konzo huja kwa namna nyingine. Mtu aliyelala mzima huamka miguu yote miwili imekakamaa, na ulemavu huo haupoi. Usidhani ni polio, kwani miguu ya polio hulegea. Muulize mgonjwa alikula nini wiki zilizopita, na waliobaki nyumbani wanakula nini leo.

Mgonjwa wangu nilimjibu kwanza kwamba ugali wa muhogo ni wanga, uwe wa asili usiwe wa asili, hivyo apunguze kiasi na aongeze mboga na samaki. Akasema unga hununua sokoni, na hajui kama muhogo wake ulilowekwa. Kwa unga wa namna hiyo iko njia iliyobuniwa na Howard Bradbury wa Australia. Changanya unga na maji, utandaze kwa unene usiozidi sentimita moja, kisha uache saa mbili juani au saa tano kivulini ili sayanidi ipotelee hewani. Unga huo ulioloa upikwe siku hiyohiyo, maana ukilala huharibika.