Moto Hausemi Jina la Aliyeuwasha

Tarehe 14 Septemba 1933, katika jengo la Chama cha Wanasheria lililoko Chancery Lane mjini London, walikutanika mabingwa wa sheria wa mataifa mbalimbali, mwenyekiti wao akiwa D. N. Pritt, yule yule ambaye takriban miaka ishirini baadaye alisafiri hadi Kapenguria kumtetea Jomo Kenyatta, wakalichungua suala ambalo korti ya Ujerumani ilikuwa bado haijalisikiliza: ni nani aliyelichoma jengo la Bunge la Ujerumani mjini Berlin usiku wa Februari 27 mwaka huo?

Humo bungeni alikamatwa Marinus van der Lubbe, mwashi wa Kiholanzi mwenye umri wa miaka 24, mkomunisti aliyekwisha kukihama chama chake, ambaye macho yake yaliharibiwa na chokaa kazini. Naye alikiri kwamba aliwasha peke yake, kwa viwashio vya makaa na nguo alizozivua mwilini. Wale wa London walikata shauri kuwa hakuwa peke yake, wakawashuku Wanazi. Na wataalamu walioitwa kortini Leipzig, kesi ilipokuja kusikilizwa, nao walishikilia kuwa ukumbi mkubwa kama ule haungeshika moto kwa dakika chache bila mafuta.

Lakini tazama chumba kinavyoungua: moshi wenye harara hupanda ukatanda chini ya dari, na joto lake likifika kadiri ya nyuzi 600 za Selsiasi hushusha mnururisho mkali hata mbao na mapazia ambayo hayajaguswa na ulimi wa moto yakatoa mvuke uwakao, na ghafla chumba kizima kikalipuka kwa pamoja. Haya yalikuja kupimwa kwa makini baada ya Vita vya Pili vya Dunia, baadhi yake na mtafiti P. H. Thomas katika kituo cha utafiti wa moto cha Borehamwood, karibu na London. Basi kasi ya moto peke yake si shahidi wa mafuta wala wa mikono mingi, wala haimtoi yeyote hatiani. Na wanahistoria wangali wakihojiana.

Sheria haikungoja. Ile ya Machi 29, iliyotungwa baada ya tendo, ilifanya adhabu iwe kifo. Wanne walioshtakiwa pamoja na van der Lubbe walionekana hawana hatia, naye akakatwa kichwa tarehe 10 Januari 1934, siku tatu kabla ya kutimiza miaka 25. Ujerumani iliibatilisha hukumu mwaka 2007. Mwaka 2023 mifupa yake ilifukuliwa Leipzig ili itafutwe athari ya dawa za kulevya, kwa kuwa kortini alikuwa kama mtu aliyepumbaa. Haikuonekana, wala baada ya miaka 89 kutoonekana hakukutosha kukata shauri. Shahidi aliyeweza kuulizwa alikuwa ni yeye.