Mji wa Pasi Elfu Moja

Nilikuwa natafuta soketi ya chaja ya simu, si habari. Kibanda nilichoelekezwa kiko Manono, katika jimbo la Tanganyika nchini Kongo, kando ya barabara ya vumbi jekundu. Kina mlango wa bati ambao mwenyewe ameupaka rangi nyeusi ukawa ubao. Juu kabisa, kwa chaki na kwa herufi kubwa, pameandikwa: JUMAPILI JIONI HATUPIGI PASI. Chini yake yamepangwa maswali sita yenye namba. Matano yana majibu. La sita limeachiwa nafasi tupu.

Soketi nikaisahau.

"Fundi, kwani pasi imekukosea nini?" nikauliza.

Hakuinua macho kwenye redio aliyokuwa akiichomelea. "Kwetu mtu anaanza na jambo, mwanangu."

"Jambo, Baba."

"Jambo sana. Sasa uliza."

Ni fundi wa umeme, mtu wa makamo, mwenye kovu jeupe la kuungua kwenye kiganja. Jina lake ameomba nisiliandike, kwa kuwa anaishi kwa kupanda nguzo, na wenye nguzo hawapendi kusemwa. Mlango aliupaka rangi baada ya kuchoka kujibu maswali yale yale kila asubuhi. Watu wa kartye, yaani mtaa wake, wanapoona taa imefifia hawaendi ofisini, wanakuja kwake. Ofisini, anasema, mtu hupewa karatasi. Kwake hupewa jibu.

Tuanze na swali la kwanza, la pasi, maana ndilo lililonifanya nikae kwenye kibao chake mpaka jua likazama.

Wakazi wa Manono hawahitaji kusimuliwa kituo cha umeme wa jua. Kilizinduliwa mwaka 2018, kazi ya kampuni ya Congo Energy, kikiwa na safu za paneli na betri za kuhifadhia umeme, na uwezo wake ni megawati 1. Siku ile watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Lakini megawati ni neno la wakubwa. Halijawahi kumwambia mama wa nyumbani kitu chochote. Fundi akaamua kulitafsiri.

"Megawati moja ni wati ngapi?"

"Milioni moja."

"Pasi ya kawaida inakula wati elfu moja. Gawanya."

Nikagawanya. Nikarudia kugawanya, nikidhani nimekosea sifuri.

"Elfu moja," nikasema.

"Basi. Manono nzima, saa sita mchana, jua la utosi, hakuna wingu, hakuna vumbi juu ya paneli, ni mji wa pasi elfu moja. Na ukizichomeka zote elfu moja, hakuna taa, hakuna televisheni, hakuna friji ya chanjo. Pasi tupu."

Nyuma yangu palikuwa na mji wa makumi ya maelfu ya watu. Nikaanza kuhesabu madirisha.

Akaendelea. Taa ya siku hizi, ile nyeupe isiyochoma mkono, inatumia wati 10 hivi. Kwa hiyo pasi moja ni sawa na taa mia. "Mama mmoja akinyoosha shati la mtoto, ameshika taa mia za majirani mkononi. Yeye hajui. Anaona shati tu."

Na kwa nini Jumapili jioni? Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mtu huyu hakujifunza umeme kwenye nyaya peke yake. Amejifunza pia nyumbani kwa watu. Mwanafunzi wa Kongo huvaa nyeupe na buluu, na Jumatatu asubuhi shati jeupe lenye makunyanzi ni aibu ya familia nzima. Jumapili mchana watu wako kanisani, kisha mezani, kisha kwa wageni. Jua likishatua, kila nyumba inakumbuka shati. Pasi zinachomekwa zote saa ile ile, na saa hiyo paneli zimekwisha kulala. Kinachobaki ni betri.

"Betri ni bidoni," akasema, akalisogeza kwa mguu bidoni la njano la lita ishirini lililokuwa karibu naye. "Mchana unajaza, usiku unachota. Taa inachota kwa kikombe. Pasi inachota kwa ndoo. Ukiniuliza kwa nini umeme umekatika saa tatu usiku, mimi nakuuliza: ndoo zilikuwa ngapi?"

Ushauri wake ni mwepesi: nyoosha Jumapili mchana kabla jua halijalegea, au tumia makaa. Na hapo akageuka, akaniteremshia kutoka kwenye rafu kitu ambacho sikutegemea kukiona kwa fundi wa umeme. Ni pasi ya makaa, ile nzito ya chuma, yenye matundu ubavuni kama mdomo wa samaki na kitasa chenye umbo la jogoo mbele. Jogoo amepoteza kishungi. Bawaba imebadilishwa kwa msumari. Mpini wa mbao ni mpya; ameuchonga mwenyewe, akaulainisha kwa kipande cha chupa. Anazo tatu, anazitengeneza na kuziuza. Akaifungua, akanionyesha ndani palivyosuguliwa mpaka pakang'aa, kwa sababu jivu la zamani, anasema, ndilo linalochafua shati jeupe. Akaifunga kwa kidole kimoja, na jogoo akaanguka mahali pake kwa mlio mdogo mkavu.

"Wananicheka. Wanasema fundi umeme anauza makaa. Mimi nasema nauza taa mia kila pasi."

Maswali mengine niyapitie upesi kidogo, ingawa kila moja lilikuwa na hadithi yake.

La pili: kwa nini taa yangu jioni inakuwa nyekundu? Taa ya kizamani, ile ya kioo na uzi, hufifia ikawa rangi ya kaa linalokufa. Jibu la mlangoni: UKO MWISHO WA WAYA. Waya mwembamba ukivutwa mbali, na nyumba nyingi zikinyonya njiani, nguvu hupungua kabla ya kukufikia. Badala ya volti 220 unapata 160 au chini yake. Taa itavumilia. Friji haitavumilia, maana mota yake itang'ang'ana kuwaka, itashindwa, itapata moto, itaungua. Ukiona taa imekuwa nyekundu, chomoa friji kwanza, kisha ndipo ulalamike.

La tatu ndilo linalowaliza watu: kwa nini televisheni ziliungua nyumba tano usiku mmoja, na nyumba ya sita ikapata giza nusu? Wengi walikwisha kumtaja mchawi. Fundi anasema mchawi huyo anaitwa netre. Kwenye nguzo kuna nyaya tatu za faze na moja ya netre inayozisawazisha. Netre ikikatika, au ikilegea kwa kutu, faze zinaanza kunyang'anyana: nyumba yenye vitu vichache inapigwa na volti zinazoweza kukaribia 380, na yenye vitu vingi inabaki na mabaki. "Taa ikiwaka kupita kiasi, nyeupe kama radi, usifurahi. Zima kila kitu. Umeme wa bure haujawahi kuwapo."

La nne lilinichekesha: mbona taa za barabarani zinawaka na kwangu giza? Watu huamini kuna mkubwa aliyeamua barabara ipewe na wao wanyimwe. Jibu: zile taa zina paneli zake kichwani na betri yake yenyewe. "Taa ile ni yatima. Haina ndugu hata mmoja kwenye waya. Usiionee wivu."

La tano ni la maji, na fundi wa umeme analijibu kwa sababu maji ya bomba husukumwa na pampu, na pampu hula umeme. Kwa nini robine inapiga mluzi kabla ya kutoa maji? Pampu ikizimika, mabomba yanabaki matupu na hewa inaingia. Pampu ikirudi, hewa ndiyo inayotoka kwanza. Ana mambo mawili ya kuongeza. Mita nyingi za maji hazijui kutofautisha hewa na maji. Zikipulizwa, zinazunguka na kuhesabu. Na bomba tupu lenye ufa linavuta uchafu wa nje, kwa hiyo maji ya dakika za mwanzo ni ya kuoshea sakafu, si ya kunywa. Hili la pili alilisema bila mzaha. Katika jimbo la Tanganyika, kuanzia Kalemie kando ya ziwa mpaka vijiji vya kando ya mto Lualaba, kipindupindu si hadithi ya mbali.

Tukafika la sita, lenye nafasi tupu: UMEME WA MPIANA-MWANGA UTARUDI LINI?

Kila mtu Manono analijua jina hilo, kwa hiyo nitasema machache. Kampuni ya Kibelgiji ya Géomines ilichimba bati hapa, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 ikajenga bwawa la umeme kwenye maporomoko ya Mpiana-Mwanga, juu ya mto Luvua, ule unaotoka Ziwa Mweru na kuungana na Lualaba pale Ankoro. Waya ulivutwa zaidi ya kilomita 80 mpaka mgodini. Baadaye kampuni ikawa Zairetain, bei ya bati ikaporomoka duniani mwaka 1985, kisha vita vilivyoanza 1998 vikaupitia mji huu bila huruma. Mitambo ikanyamaza.

"Ile ilikuwa megawati kama 29," akasema Fundi. Akaninyamazia, nami nikajua anasubiri nigawanye.

Pasi elfu ishirini na tisa.

Baba yake alifanya kazi mgodini. Fundi anakumbuka utotoni kulala na taa ya nje inawaka mpaka asubuhi, wala hakuna aliyeiona ajabu. Lakini hajidanganyi: anajua umeme ule ulikuwa wa mashine na tanuru za bati kwanza, na kartye za wafanyakazi zilipata kilichozidi. "Hatukuwa wenye nyumba. Tulikuwa tunalala barazani. Lakini baraza lilikuwa na taa."

Kinachoniwasha mimi kiko nje ya mji, na huhitaji darubini kukiona: vilima vya taka za mgodi wa zamani, mchanga mweupe-mweupe uliorundikwa kwa miongo. Wachimbaji wa bati walitupa humo jiwe ambalo wakati ule halikuwa na mnunuzi, spodumeni, jiwe lenye litiamu. Leo litiamu hiyo ndiyo inayotafutwa kutengeneza betri za magari na simu, na makampuni ya Australia, China na Marekani yameufuata mwamba wa Manono, mengine yakashitakiana mahakamani. Mji unaokosa bidoni la kutosha la kuhifadhi umeme wa Jumapili umekaa juu ya mali ghafi ya mabidoni ya dunia nzima.

Kufufua Mpiana-Mwanga kumetajwa mara nyingi katika mipango ya litiamu, kwa sababu kiwanda cha kusaga mwamba hakiendeshwi kwa pasi elfu moja. Hapa ndipo maswali yanapokuwa machungu. Mashine zikianza tena kuzunguka, umeme utashuka kwenye kartye au utapita juu ya vichwa vyetu kwenda kiwandani? Nani ataandika kwenye mkataba megawati ngapi ni za mji? Nimemwuliza Fundi. Akanyooshea mkono ile nafasi tupu.

Katiba ya 2006, ibara ya 48, inasema kupata maji safi na nishati ya umeme ni haki inayodhaminiwa. Sheria ya umeme ya tarehe 17 Juni 2014 ilifungua mlango kwa makampuni binafsi, ili asiwepo mtu wa kusema kazi hiyo ni ya shirika moja tu la serikali. Kwenye karatasi, basi, jibu lipo. Lakini kuna swali ambalo Fundi hakuliandika mlangoni, akaniuliza mimi: majirani wakichanga fransi zao wakanunua nguzo na waya, nguzo ile ni ya nani? Kwa kawaida ikishasimama huhesabiwa ya mtandao, na anayefuata anaunganishwa juu yake bila kukurudishia chako. "Hilo sikuliandika," akasema, "kwa sababu jibu lake litanipotezea kazi."

Nimeondoka na wazo moja. Tumezoea kusema wananchi hawaelewi, wanalalamika ovyo, wanaiba umeme, wanachomeka pasi. Mlango ule unasema kitu kingine. Maswali matano ya wakazi yalikuwa na majibu ya kweli, ya hesabu na ya waya, na mtu mmoja mwenye chaki alitosha kuyajibu. Waliyoelezwa wameyaelewa: kuna nyumba katika kartye ile ambazo siku hizi hunyoosha mashati Jumapili saa nane mchana, watoto wakiwa bado hawajavua nguo za kanisani. Lililobaki halihitaji fundi. Linahitaji mwenye mamlaka.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Wizara, jimbo, shirika, na nyinyi wenye mikataba ya litiamu: nafasi ya namba sita bado iko wazi pale mlangoni, urefu wake kama mkono. Chaki Fundi anayo. Njooni mwandike tarehe.