Miguu ikipumzika, punguza matonge

Je, ulikuwa ukiendesha baiskeli ya bodaboda Homa Bay au Migori, na sasa una pikipiki? Jihadhari, msomaji. Misuli yako haitumii tena nguvu nyingi kama zamani. Ukiendelea kula ugali uleule, chapati na soda, ziada hugeuka kuwa mafuta tumboni.

Mafuta hayo yakizidi, hutoa kemikali zinazochochea uvimbe wa ndani kwa ndani, usio na maumivu, ambao huchangia kisukari na maradhi ya moyo.

Kinga iko sokoni. Punguza ugali, kunywa maji badala ya soda, na ujaze sahani mboga ya osuga, maharagwe na omena wa kuchemshwa badala ya kukaangwa. Karibu na nyumbani, tembea.